Ushindi Huandikiwa Nani?

Ndugu msomaji, kazi ikifanywa na watu watatu, mmoja akimpokea mwenziwe, kisha ikaisha vizuri na likatakiwa jina moja tu la kuandikwa, liandikwe la nani? La aliyeianza? La aliyeimaliza? Au la yule wa kati aliyeishika ilipokuwa ngumu? Najua utaniambia yaandikwe yote matatu, na mimi ningependa hivyo. Lakini mara nyingi karatasi ina mstari mmoja tu. Tazama jengo lolote la umma: jiwe lililobandikwa ukutani lina jina la mgeni aliyekuja siku moja kulizindua, akakata utepe, akanywa soda, akaenda zake, na waashi waliolipandisha tofali juu ya tofali hawana hapo hata herufi moja.

Leo nataka nikusimulie khabari za watu walio mbali na sisi, ambao jambo hili wamelitungia sheria, wakaibadilisha, wakaizozania, na mpaka leo wanaizozania. Watu hao ni wacheza besiboli. Usicheke, wala usifunue ukurasa wa pili. Mimi umri wangu umepita sitini, na mpira pekee niliopata kuucheza ni ule wa matambara, tena pekupeku. Lakini nilipoelezwa sheria hii sikulala mapema usiku ule, na baada ya siku chache ikanijia mkononi kwa njia ambayo sikuitazamia.

Nilielezwa Balangdalalu. Huo ni mji mdogo katika wilaya ya Hanang, mkoa wa Manyara, nchi ya Wabarabaig na Wairaqw, bara kabisa, na mtu wa pwani akifika huko mwezi wa Juni hulala na sweta. Binti yangu ameolewa na mtumishi aliyepangiwa kazi huko, nami mwaka juzi nilikaa kwao miezi kadhaa nikiwasomesha watoto wa jirani. Likizo ya katikati ya mwaka akaja mjukuu wangu mwingine kutoka Dar es Salaam, kijana wa sekondari, na ndani ya begi lake mlikuwa na daftari pana lenye visanduku vidogo vidogo kama daftari la mahesabu ya duka. Nilimwuliza, akaniambia, "Babu, mimi ni karani wa mchezo. Wenzangu wanacheza, mimi naandika."

Mchezo huo umeingia katika shule za Tanzania tangu 2012 kwa msaada wa Wajapani, na shule ya Azania pale Dar es Salaam ni miongoni mwa zilizotangulia. Hata mashindano yao ya taifa wameyaita Koshien, jina la uwanja maarufu wa mashindano ya wanafunzi huko Japani. Jirani zetu Waganda wamefika mbali zaidi. Mwaka 2011 watoto wao walishinda mashindano ya kanda yao wakastahiki kwenda Marekani, wakanyimwa viza. Mwaka uliofuata wakaenda wengine, watoto wa Lugazi, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto pale Williamsport, na wakaifunga timu ya jimbo la Oregon kwa pointi 3 kwa 2.

Sasa nikueleze mchezo wenyewe kwa ufupi. Ukiwahi kuiona kriketi ya Wahindi pale Zanzibar, Mombasa au Dar es Salaam, basi huu ni ndugu yake. Timu mbili, watu tisa tisa. Wa timu hii husimama na gongo kupiga mpira, na wa timu ile huurusha na kuudaka. Anayepiga akikimbia akazunguka vituo vyote vinne akarudi alipoanzia, timu yake imepata pointi moja. Wapigaji watatu wakishatolewa, timu hubadilishana nafasi. Na kila timu ikishapiga zamu moja, hiyo huitwa inningi. Mchezo wa wakubwa ni inningi 9.

Katika wale tisa wanaolinda, aliye muhimu kuliko wote ni mrushaji. Yeye husimama katikati juu ya kichuguu cha udongo, na kila jambo la mchezo huanzia mkononi mwake. Kazi yake huchosha. Bega huuma, kiwiko huuma, na mpira uliokuwa ukienda kama risasi saa ya kwanza huja mzito saa ya tatu. Kwa hivyo hupokewa, na katika mchezo wa wakubwa akishatolewa harudi tena siku hiyo. Kwa watoto kuna sheria khasa ya kumlinda: mwenye miaka 11 au 12 hawezi kurusha zaidi ya mara 85 kwa siku moja, hata akilia. Basi mchezo mmoja huweza kuwa na warushaji watatu, wanne, hata zaidi kwa timu moja.

Na hapa ndipo panapo jambo letu. Watu wa besiboli hawatosheki kuandika kwamba timu fulani imeshinda. Lazima waandike pia mrushaji gani ameshinda, mmoja tu kwa timu iliyoshinda, na mrushaji gani ameshindwa, mmoja tu kwa timu iliyoshindwa. Kriketi haina jambo hili. Wala mpira wa miguu hauna. Hatusemi golikipa fulani ana ushindi 200. Lakini katika besiboli ushindi wa mrushaji hubaki na jina lake mpaka kaburini na baada ya kaburi. Yuko mtu aliyeitwa Cy Young, aliyerusha kuanzia 1890 mpaka 1911, ana ushindi 511, na hakuna aliyemfikia tangu wakati huo. Wachache humkumbuka kwamba pia ameandikiwa kushindwa zaidi ya mara 300.

Anayeandika huitwa mwandishi rasmi wa mchezo. Mimi nitamwita karani, kama alivyojiita mjukuu wangu. Zamani katika ligi kubwa za Marekani makarani hao walikuwa waandishi wa magazeti, wakiketi juu pamoja na wenzao, na asubuhi mchezaji hufungua gazeti ajue ameandikiwa nini. Na kwa miaka mingi karani alikuwa na uhuru mkubwa wa kumpa ushindi aliyemwona anastahiki.

Uhuru huo uliwaumiza watu. Mwaka 1912 mrushaji wa New York aliyeitwa Rube Marquard aliandikiwa ushindi 19 mfululizo bila kushindwa hata mara moja. Lakini katika mwezi wa kwanza wa mashindano alipata kuingia inningi ya 9 kumpokea mwenzake Jeff Tesreau, timu yao ikiwa nyuma. Timu ikaamka, ikapata pointi, ikashinda. Karani akaona Tesreau ndiye aliyefanya kazi ndefu, akamwandikia yeye. Kwa sheria ya leo ungekuwa wa Marquard, na hesabu yake ingekuwa 20. Miaka zaidi ya mia imepita, na bado wako watu wanaoitaja ile moja.

Basi sheria ya leo inasemaje? Shina lake ni hili. Karani hatazami nani aliyeanza wala nani aliyemaliza. Hatazami hata nani aliyerusha vizuri zaidi. Anatazama wakati: ni lini timu ilitangulia, na baada ya hapo isipitwe wala isifikiwe tena mpaka mwisho? Akishaupata wakati huo, anauliza, saa hiyo mrushaji wa timu hiyo alikuwa nani? Huyo ndiye mwenye ushindi.

Na sharti la "isifikiwe" ni zito. Timu ikitangulia kwa pointi 5, kisha wapinzani wakasawazisha, ule utangulizi wa mwanzo umefutika. Kwa hesabu ya karani, sare ni kama mchezo mpya umeanza, na aliyekuwa anangojea kuandikiwa ushindi hana kitu tena, hata kama pointi zile zilisawazishwa mikononi mwa aliyempokea, yeye mwenyewe ameshaketi na barafu begani.

Ama mrushaji wa mwanzo amewekewa sharti jingine, tangu 1950: hapewi ushindi mpaka awe amerusha inningi 5 nzima katika mchezo wa kawaida. Akitolewa kabla ya hapo, hata timu yake ikiwa mbele na ikabaki mbele mpaka mwisho, haandikiwi. Maana yake ni kwamba aliyeanza kazi asijipatie jina kwa kuanza tu, hana budi kuibeba angalau kuvuka nusu. Hapo ushindi hutafutiwa mwenyewe miongoni mwa wapokezi, na sasa ndipo sheria inapomrudishia karani akili yake: wakiwa wengi, ampe yule ambaye kwa hukumu yake amefanya kazi iliyofaa zaidi. Kadhalika mpokezi akiwa ndiye aliyekuwepo timu ilipotangulia, lakini alirusha kidogo na vibaya, yaani chini ya inningi moja na akaruhusu pointi 2 au zaidi kwa kosa lake, karani anaweza kumvuka akampa aliyefuata.

Na anayeimaliza kazi? Yeye kwa miaka mingi hakuwa na mstari. Aliingia mwisho, akaulinda utangulizi alioukuta, akatoka bila ya kuandikiwa. Mwandishi mmoja wa magazeti wa Chicago, Jerome Holtzman, aliona hilo si insafu, akabuni hesabu ya tatu, nayo ikawa rasmi mwaka 1969. Tuiite uokozi. Wa kati ana ushindi, wa mwisho ana uokozi, na hawagombani.

Nilipofika hapo nikamwambia mjukuu wangu kwamba sheria hii imetungwa na watu wenye akili. Akacheka, akanitolea vituko vyake.

Tarehe 7 Julai 2009, mrushaji mkongwe Alan Embree wa timu ya Colorado aliitwa aingie mchezo ukiwa sare, mpinzani mmoja akiwa kwenye kituo cha kwanza, na wawili wameshatolewa. Embree, kabla ya kumrushia mpigaji hata mpira mmoja, aligeuka akarusha kule kituoni, yule mpinzani akanaswa akatolewa. Zamu ikaisha. Timu yake ikapiga, ikatangulia, ikashinda, naye hakurudi tena. Ushindi ukaandikwa wa Embree. Hakumrushia mpigaji hata mpira mmoja!

Na kinyume chake, tarehe 26 Mei 1959, Harvey Haddix wa Pittsburgh aliwatoa wapigaji 36 mfululizo, inningi 12 kamili, pasiwe na hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza. Fikiri, msomaji: mchezo wa kawaida ni inningi 9, naye ameshapita hapo kwa inningi 3 bila ya doa. Lakini wenzake hawakumpatia hata pointi moja. Inningi ya 13 wapinzani wakapata moja, mchezo ukaisha 1 kwa 0, na Haddix akaandikiwa kushindwa. Mrushaji wa upande wa pili, Lew Burdette, alipigwa mipira safi 12 usiku ule, naye akaandikiwa ushindi.

Kuna mtu atakayesema, basi sheria hii ni dhulma, ifutwe. Wako wengi Marekani wanaosema hivyo hivi sasa. Mwaka 2018 mrushaji Jacob deGrom wa New York alikuwa na ushindi 10 na kushindwa 9, hesabu ya mtu wa katikati. Lakini pointi alizoruhusu zilikuwa chache mno, wastani wa 1.70 kwa inningi 9, na waliopewa kura ya kumchagua mrushaji bora wa ligi yake walimpa yeye tuzo, tuzo yenye jina la yule yule Cy Young mwenye ushindi 511. Waliacha kuitazama safu ya ushindi, wakatazama kazi.

Mimi nami nilifikiri sana, na hukumu yangu ni kwamba sheria haina kosa. Kosa ni la wanaoisoma kama mizani ya ubora wa mtu. Karani hakuulizwa nani aliyechoka zaidi. Ameulizwa mchezo uligeuka mikononi mwa nani. Swali hilo lina jibu, na jibu lake mara nyingi si yule tunayemdhania. Ule wa Embree ni mzaha wa bahati, hutokea mara moja kwa miaka. Lakini siku nyingi swali hilo humfichua mtu aliyesimama katikati, asiyepigiwa makofi ya mwanzo wala ya mwisho.

Nilipokuwa nikiyasema haya barazani, jirani mmoja, mtu wa pale pale, akanikumbusha Gidamis Shahanga. Huyu ni mkimbiaji mzaliwa wa Katesh, makao makuu ya wilaya ya Hanang, aliyeshinda mbio za marathoni za Jumuiya ya Madola kule Edmonton 1978, na mita 10,000 kule Brisbane 1982. Katika michezo hiyo ya Brisbane alikimbia na marathoni pia, yeye na Juma Ikangaa. Watanzania hao wawili walitangulia pamoja, wakawaacha wengine mbali sana, mmoja akimvuta mwenziwe. Mwisho wake Robert de Castella wa Australia aliwafuata akawapata; alimaliza kwa saa 2 dakika 9 na sekunde 18, Ikangaa akiwa nyuma yake kwa sekunde 12 tu. Shahanga alirudi nyuma asipate nishani. Jirani yangu akauliza: ile nishani ya fedha ya Ikangaa, haina hata kipande cha Shahanga aliyemsindikiza njia yote ile? Katika kitabu cha mbio haina. Mbio huandika aliyefika, basi. Hazina karani wa kuuliza ni nani aliyekuwa mbele pale mambo yalipokuwa yanafanyika.

Sasa sikiliza yaliyonifika.

Nyuma ya maduka ya pale kuna madrasa ndogo, chumba kimoja cha tofali za kuchoma, iliyojengwa na wafanyabiashara Waislamu waliohamia, wengi wao watu wa Kondoa na Singida. Mwezi ule ule mtoto mmoja wa kike, umri wake miaka 12, alikhitimu msahafu. Wazee wakaandaa khitima, na cheti kikaletwa kutoka Arusha, kimechapwa kwa dhahabu, kizuri sana, kina mstari wa jina la mwanafunzi, mstari wa tarehe, na mstari mmoja wa "Mwalimu wake". Wakaniletea mimi nikijaze, kwa kuwa ni mgeni na hati yangu husifiwa. Mwenyekiti wa kamati akaniambia, andika jina la ustadhi. Kijana mzuri, ana adabu, amesoma vizuri, na kamati wakati ule ilikuwa ikifikiri kama imwongezee mkataba au la. Cheti kile kingemsaidia, na yeye alijua, nami nilijua.

Lakini kalamu yangu haikushuka. Siku tatu nilikuwa nikisikia khabari za karani, zimenijaa kichwani. Nikaomba nimsikilize mtoto kwanza. Akasoma. Ndugu msomaji, nimesomesha miaka arubaini. Najua usomaji ulioshindiliwa kwa miezi, na najua ule uliokaa moyoni muda mrefu. Huyu alikuwa wa pili. Nikamwuliza, "Mwanangu, nani alikuanzisha?" Akamtaja mzee mmoja aliyemfundisha herufi na irabu na kumfikisha Juzuu Amma, kisha akarudi kwao Kondoa. "Na ustadhi alikupokea ukiwa wapi?" Akasema zilikuwa zimebaki juzuu sita. Sita katika thelathini! Na miezi minne tu tangu hapo. "Hizo nyingine ulisoma kwa nani?"

Akaona haya. Akasema, "Kwa bibi wa pale mashine ya kusaga."

Ikabidi niulize watu wazima. Bibi huyo ni mjane wa fundi seremala, hukaa nyuma ya mashine ya kusaga unga, na kwa miaka mitatu mtoto alikuwa akienda kwake kila alasiri, hakuna ada wala daftari la mahudhurio. Kamati haikumhesabu kuwa mwalimu. Mwaka ule macho yake yalianza kuingia ukungu, akashindwa kuifuata mistari, ndipo mtoto akakaa nyumbani miezi miwili, kisha akapelekwa kwa ustadhi.

Nikamwuliza mtoto maswali mawili tu, nayo nimeyachukua kwa karani bila ya kuficha. La kwanza: ni lini ulianza kusoma ukurasa mpya peke yako, bila ya kutangulizwa neno? Akajibu haraka, kama mtu anayejua siku yake ya kuzaliwa, kwamba ilikuwa kwa bibi, katika mwezi wa Ramadhani wa mwaka wa pili. La pili: ile miezi miwili uliyokaa nyumbani, ulisahau? Akasema hakusahau, alikuwa akisoma kila usiku, na mama yake akathibitisha. Basi utangulizi ulipatikana kwa bibi, na haukupotea hata siku moja.

Mjukuu wangu alikuwa ameketi pembeni. Akaninong'oneza, "Babu, ushindi wa bibi, uokozi wa ustadhi." Lakini cheti hakikuwa na mstari wa uokozi.

Mwenyekiti hakupenda. Alisema, na si bila ya hoja, kwamba bibi si mwalimu wa madrasa, na cheti ni cha madrasa. Nikamjibu kwamba mstari umeandikwa "Mwalimu wake", haukuandikwa "Mwajiriwa wetu". Na kwamba cheti hiki kitatundikwa ukutani kwa mtoto miaka hamsini, na kila atakapokitazama yeye atajua kama kinasema kweli. Akanyamaza. Yule ustadhi alikuwapo, akasikiliza yote, akasema maneno mamoja tu: "Sheikh, mimi nilimkuta anasoma." Nilimheshimu kwa neno hilo, na nilimwambia mwenyekiti mbele yake kwamba mtu wa kusema hivyo ndiye wa kuongezewa mkataba.

Hapo tukadhani mambo yamekwisha, nikaichukua kalamu, nikauliza, "Haya, jina lake nani?"

Hakuna aliyejua. Mtoto alimwita bibi. Majirani walimwita mama fulani, kwa jina la mwanawe aliyeko Mwanza. Mwenyekiti, ambaye amekaa naye mtaa mmoja zaidi ya miaka kumi, alimwita mke wa marehemu fundi. Akatumwa mtu mpaka kwake, akakuta amelala kwa macho yanayomsumbua, akarudi bila ya jibu. Ikatubidi tungoje mpaka baada ya alasiri, mjukuu wangu akaenda mwenyewe, akarudi na jina limeandikwa kwenye kipande cha daftari lake la besiboli, ndani ya kisanduku kimoja: jina lake, la babake, la babu yake. Nikaliandika lote, ijapokuwa mstari ulikuwa mfupi na maneno ya mwisho yalipanda pembezoni.

Siku ya khitima bibi aliletwa na wanawake, akaketi nyuma. Jina liliposomwa hakugeuka. Aliyeketi karibu naye ndiye aliyemgusa goti.

Ustadhi alikaa pale miezi miwili zaidi, kisha akahamia Singida. Sikusikia kwamba ni kwa sababu ya cheti, wala sikusikia kwamba si kwa sababu hiyo. Mzee wa Kondoa, aliyewafundisha watoto wa Balangdalalu herufi kabla ya wote hawa, alipelekewa salamu na kilo mbili za sukari.